Trei ya Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa Maabara ametutangazia leo kwamba anastaafu mwezi huu. Ametangaza kwa huzuni, huku anatabasamu. Kiti chake kitabaki wazi. Nimekitazama mkutano mzima. Kinazunguka! Kina magurudumu! Mimi tangu niajiriwe nakalia stuli ya mbao yenye mguu mmoja mfupi. Nimeuwekea chini bonge la udongo wa mfinyanzi la mkulima ambaye hajarudi kuchukua majibu yake.

Baada ya mkutano Pacha akanivuta nyuma ya stoo.

Pacha si pacha wangu wa kuzaliwa. Tulikutana chuoni. Yeye aliomba udaktari, mimi niliomba urubani, wote wawili tukaangukia Idara ya Udongo. Hakuna mtoto anayesema akikua atapima udongo. Siku ya kwanza ya kuchimba shimo koleo lilikuwa moja, tukalitumia wawili kwa zamu, wenzetu wakaanza kutuita mapacha. Mpaka leo yeye ananiita Pacha, nami namwita Pacha. Wanangu wanamwita Baba Mdogo.

Akaniambia siri. Daktari amemkataza kuchimba. Pingili za mgongo zimesagika. Akiendelea na mashimo mwaka mwingine, atatembelea mkongojo, na hiyo ni kama atatembea. Katika ofisi yetu nzima kazi ya mezani ni moja tu, ya Mkuu. Akaniomba nisiigombee. Akaniomba pia nisimwambie mtu habari za mgongo.

Nikamwahidi palepale. Nikamshika mkono. Hata machozi yalinilengalenga.

Kufika nyumbani nimejuta.

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Alikuja kutusalimia. Leo wakati wa chai aliniuliza mbele ya watoto kazi yangu hasa ni nini. Nikaeleza kwa utulivu kwamba napima udongo. Akauliza unaumwa nini. Watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Kisha akamsifu mkwe wake mwingine, meneja wa benki. Eti yule ana ofisi yenye mlango. Ukitaka kumwona unabisha kwanza. Akaniuliza kama mimi nina mlango. Nikasema maabara ina mlango. Akauliza kama ni wangu. Nikaongeza sukari kwenye chai. Mbele ya majirani ananiita fundi matope.

Njiani kuelekea kazini likanijia wazo. Pacha akiomba peke yake, Makao Makuu watasema hakuna ushindani. Wataleta mtu wa nje, kijana wa tai, asiyejua hata kushika koleo. Kwa hiyo ni lazima nami niombe. Si kwa kutaka! Kwa kumsindikiza tu. Yeye apite, mimi niwe nyuma nampigia makofi.

Nikamweleza Pacha. Alinishukuru! Akasema hilo hakuliwaza kabisa, na kwamba mimi ndiye mtu pekee anayeweza kumfikiria hivyo. Akanipa nusu ya andazi lake.

Nilijisikia vibaya. Mpaka saa nane hivi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumepewa mtihani. Mwenyekiti wa usaili ni mama mmoja wa Makao Makuu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Ametaka kila mwombaji achukue udongo katika shamba la shule ya jirani, ambako mahindi yanakuwa manjano kabla hayajafika magotini. Kila mtu apime mwenyewe, na Jumatano ijayo amweleze dawa ni nini. Hakuna mwombaji mwingine ila mimi na Pacha. Kwa hiyo kijana wa tai hakuwepo. Ningeweza kujitoa leo hii. Nimefikiria kufanya hivyo. Nimefikiria vizuri sana.

Tukaenda pamoja. Tulitembea zigizaga shamba zima, unachimba kidogo hapa, kidogo pale, unachanganya kwenye ndoo. Pacha hakuweza kuinama. Nikamchimbia mimi, vishimo vyake na vyangu, huku nikiwaambia walimu kwamba ni utaratibu mpya. Yeye alishika ndoo mbili na kupiga hadithi ili watu wamtazame usoni, wasiutazame mgongo. Jamani, tulicheka! Ilikuwa kama enzi zile.

Kisha akachukua udongo kiganjani, akautemea mate, akaufinya kati ya kidole gumba na cha shahada ukatoka utepe. Akaupima kwa jicho. Akatafuna punje kidogo kwa meno ya mbele kusikiliza kama kuna tope laini. Akasema palepale, bila mashine: tindikali imezidi, shamba hili linalia chokaa.

Nami nikatafuna. Nikasikia udongo. Mwalimu mmoja akatuuliza kwa huruma kama tumepata kifungua kinywa.

Vidole vile! Miaka yote tumeshika koleo moja, lakini vidole vile ni vyake peke yake. Atashinda, na ndivyo tulivyokubaliana. Basi kwa nini niliporudi nilishindwa kula?

Udongo tumeutandaza kwenye trei ukauke. Trei yake dirishani, mahali pake pa siku zote, upepo unapita na jua linaingia. Yangu iko chini ya ule ufa wa paa. Huwa nachelewa kuchagua.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda napaka chokaa chumba cha mama mkwe. Kasema kuta zina sura ya maabara. Nimepaka mkono wa kwanza, akasema kweupe mno. Nimepaka wa pili, akasema sasa panamtia baridi. Alikaa kitandani akinielekeza kwa kidole, na alipoinuka tukagundua ameikalia miwani yangu. Imekuwa miwili. Akanipa pole na kuniuliza kwa nini naacha vitu vya thamani ovyo. Fundi kasema nitaipata Jumanne.

Chokaa ya unga imebaki kwenye debe. Nikaitazama. Nayo ikanitazama.

Tuseme mtu ana udongo wenye tindikali. Tuseme chokaa ikaingia mle kwa bahati mbaya, kiasi cha kijiko. Vipimo vitasema tindikali hakuna. Mtu huyo atasimama mbele ya mama wa Makao Makuu na kusema shamba ni zima. Mimi nitasimama na kusema shamba linalia chokaa. Nani ataonekana anajua?

Ni mawazo tu. Kuwaza si kosa. Nimetia kijiko kimoja cha chokaa kwenye mfuko wa nailoni, ili isimwagike hapa nyumbani watoto wakaumia macho.

Jumapili, 10 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, kubwa, ya kutisha. Nikakumbuka trei yangu iko chini ya ufa. Nikasema nitaenda. Nikavaa viatu. Nikaitazama mvua. Nikavua viatu.

Mchana nimelala. Nimeota kiti kinazunguka, lakini kilizunguka kwa kasi mno na nilishindwa kushuka.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya.

Wote walikwenda kula. Nikabaki, nikajidai naumwa tumbo, na baada ya dakika chache likaniuma kweli. Nikaenda dirishani. Bila miwani dunia yote ni ukungu, lakini trei ya Pacha naijua hata nikifumba macho. Na kweli nilifumba. Sikutaka kuona. Nikamimina mfuko wote, nikakoroga kwa mkono, nikasawazisha juu, nikajifuta kwenye koti.

Trei yangu nimeikuta mahali pake, chini ya ufa, kavu kabisa! Juu yake kuna mtu ametega beseni likinge matone. Kuna watu wema duniani. Sijui ni nani. Labda mfagiaji.

Pacha aliporudi alikuwa anatembea kwa kujishika kiuno. Nikamuuliza vipi. Akasema mgongo umemkaza tangu jana. Nikamwambia apumzike. Nilimaanisha. Ajabu ni kwamba nilimaanisha.

Sijala chakula cha jioni. Mke wangu kauliza kama nina homa. Nikamwambia ni vumbi la chokaa, na hapo tu sikudanganya.

Jumanne, 12 Machi

Lahaula!

Nimechukua miwani kwa fundi, nikaingia maabara, nikapita dirishani kuitazama kazi yangu. Kwenye trei kuna karatasi ya jina. Nikaisoma. Nikaifuta miwani. Nikaisoma tena. Jina langu! Mwandiko wangu!

Pacha akaja nyuma yangu, anachekelea. Akasema Jumapili alipoiona mvua alikumbuka ule ufa. Alinijua nimelala. Akapanda gari akaja, akaikuta trei yangu imeanza kuloa upande mmoja. Akaihamishia dirishani ipate upepo, na yake, ambayo ilikwishakauka, akaiweka chini ya ufa na beseni juu. Kuinua beseni ndiko kulikomkaza mgongo. Akaomba radhi kwa kugusa kitu changu bila ruhusa.

Akaomba radhi. Yeye. Mimi!

Nilisema ahsante kwa sauti ambayo sikuitambua. Nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka watu wakabisha hodi.

Kurudi shambani haiwezekani, udongo mbichi hauwezi kukauka kwa kesho. Pacha amekwisha kuchekecha wake na kuufungia kabatini. Ningemwomba kikombe kimoja angenipa vikombe viwili. Ndiyo maana sikuomba. Ningemtazamaje?

Nimepima wangu. Tindikali: hakuna hata ya dawa. Shamba la ajabu kabisa. Nimekaa na majibu yale mbele yangu mpaka jua likazama, na ghafla nikapata nadharia. Chini ya shule ile, zama za kale, palikuwa na ziwa! Ziwa lenye makombe mengi mno. Makombe yakasagika, yakawa chokaa, mahindi sasa yanaugua kwa kuvimbiwa. Nimechora ramani. Nimeweka samaki mmoja pembeni ili watu waelewe.

Jumatano, 13 Machi

Nitaandika yote, ingawa kalamu ni nzito.

Nilianza mimi. Nilieleza ziwa. Mama wa Makao Makuu alinisikiliza bila kupepesa. Wajumbe wawili wengine waliuangalia samaki. Nikaeleza mawimbi kwa mikono.

Akaingia Pacha, amesimama wima kwa shida, na maneno machache: tindikali imezidi, chokaa inahitajika, mahindi yatapona msimu ujao.

Mama akatazama vipimo vyangu, akatazama vyake. Akasema shamba ni moja, siku ni moja, haiwezekani mmoja aone limao na mwingine aone magadi. Akaagiza uletwe udongo uliobaki wa kila mmoja. Wangu akampa Pacha, wa Pacha akanipa mimi.

Mimi niliushika wa Pacha nikasema ni udongo.

Yeye aliushika wangu. Akautia maji tone moja, akaanza kuufinya kwa kidole gumba, taratibu, kama kawaida yake, kichwa kimeinama upande. Halafu kidole kikasimama. Akafungua kiganja. Palikuwa na kibonge cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Akakivunja kwa ukucha. Akaninusa kwa mbali. Ndiyo, mimi, alininusa mimi, koti langu bado lilikuwa na weupe mfukoni. Kisha akaniangalia machoni.

Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote. Hakukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefika kwake akakuta nyumba haipo.

Nikasubiri aseme. Alisema. Alimwambia mama kwamba kosa ni lake. Jumapili alihamisha trei yangu bila kuniarifu na bila kuandika popote, akaiweka dirishani, na dirisha lile lina chokaa ya ukutani inayobanduka. Imedondokea humo. Mwenzake hana hatia, amepima alichokikuta.

Mama akauliza kama anajua maana ya kugusa sampuli ya mtu mwingine siku tatu kabla ya usaili. Pacha akasema anajua. Akaulizwa kwa nini alifanya hivyo. Akasema mvua ilikuwa kubwa.

Hapo mama akanigeukia. Akaniuliza kama nina la kuongeza.

Mlango ulikuwa wazi! Neno moja lingetosha! Mgongo wa Pacha uko pale mbele yangu, umeshikwa na kiti kwa nyuma usianguke. Nikafungua mdomo. Nikavuta pumzi kifua kizima.

Nikasema feni inapiga kelele.

Wakaizima. Wakaandika. Mama akasema mwombaji wa kwanza amepewa takwimu mbovu bila kosa lake, lakini amezitafutia maelezo kwa ujasiri, na mkuu anahitaji ujasiri. Mwombaji wa pili ana vidole vya dhahabu, lakini maabara haiwezi kuongozwa na mtu anayehamisha trei za wenzake.

Kwenye korido nilimkimbilia. Nikaita Pacha! Akasimama, akageuka mwili mzima kwa sababu shingo peke yake haigeuki tena. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alisema tu kwamba chokaa ile ilitakiwa kuchekechwa kwanza, mabonge yanasikika kidoleni.

Halafu akasema hongera, Bwana Mkuu.

Ijumaa, 15 Machi

Simu imepigwa. Ni mimi.

Nimewaambia nyumbani wakati wa chakula. Mama mkwe akanyanyua mikono juu, akamshukuru Mungu, akatoka nje kuwatangazia majirani. Nimemsikia kwa masikio yangu. Amesema mkwe wake amepandishwa cheo, sasa ni Mkuu wa Matope.

Mke wangu hakushangilia. Aliuliza shemeji yake amesemaje. Nikasema mambo ya kazi yana utaratibu wake. Akasema mke wa Pacha alimpigia mchana akilia, na hakusema sababu. Akanitazama. Nikajidai natafuta chumvi, nayo ilikuwa mbele yangu.

Mwishowe nilimweleza. Si yote. Nilianzia kwenye mvua. Lakini yule mwanamke tumeishi naye muda mrefu, akauliza kilichokuwapo kabla ya mvua. Nikamweleza na habari za debe la chokaa. Hakupiga kelele. Alikusanya sahani zote, na yangu ilikuwa bado na chakula.

Jumatatu, 18 Machi

Nimekalia kiti. Kinazunguka. Ukizunguka mara moja unaona ukuta, dirisha, kabati, ukuta. Basi.

Nina mlango.

Karatasi ya kwanza kuwekwa mezani ni orodha ya mashimo ya msimu, na jina la Pacha liko kwenye kila ukurasa. Nililikata kote. Nikabuni cheo kipya kabisa, Msimamizi Mkuu wa Ukaushaji, kazi ya mezani, kiti chenye mto. Nilijipongeza. Mambo yote yanarekebishika mtu akiwa na akili!

Saa nne mlango ukabishwa. Nikasema pita. Akaingia Pacha.

Amebisha hodi! Mtu tuliyelala naye hema moja, aliyekuwa akiingia chumbani kwangu kuchukua soksi zangu bila kuniamsha, amebisha hodi na kungoja nimruhusu. Huo ndio mlango niliokuwa nautaka.

Nikaanza kumweleza cheo chake kipya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono nyuma. Akasema anashukuru, lakini amekwisha kuaga kazi. Atakuwa anaotesha miche ya matunda pembezoni mwa barabara, nyuma ya nyumba yake. Kule hakuna kuchimba, ni kujaza mifuko tu, unajaza umekaa.

Nikamwambia asiende. Nikamwambia vidole vyake vitafanya nini huko. Akasema hata kwenye mifuko kuna udongo, Bwana Mkuu.

Aliomba ruhusa ya kuchukua koleo lile la chuo, ambalo lilikuwa stoo muda wote huo. Nikasema chukua. Nilimwona kupitia dirisha la maabara akivuka uwanja, amelibeba begani kwa sababu kulishika mkononi ni kuinama. Mahali pake dirishani hakuna trei. Hakuna aliyethubutu kuweka yake. Nami sijui nimwambie nani aweke.

Wenzangu wamenipa jina. Ziwa la Kale. Nimelisikia kwenye ngazi.

Jumamosi, 23 Machi

Nimepita ile barabara. Kwa bahati tu. Nimepita mara kadhaa kwa bahati.

Amekaa kwenye kigoda, miche imepangwa mbele yake. Mteja alimletea udongo wa kwake kwenye gazeti. Pacha akautemea mate, akaufinya, utepe ukatoka, akatafuna punje, mteja akaruka kwa mshangao, wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo ya umeme. Nilicheka pia, kisha nikaona mtu ananitazama nikaacha.

Sikuwa na uso wa kumfuata. Nikamwomba mama muuza machungwa aninunulie mche mmoja, mti wowote, asiseme ni wa nani. Akaenda. Nikawaona wanaongea. Akarudi na mche wa limao na ujumbe: yule bwana aliye nyuma ya nguzo aambiwe asiumwagilie mno, mizizi itaoza.

Nimeupanda nyuma ya nyumba. Mama mkwe kasema umepinda.

Nimekaa karibu nao mpaka giza likaingia. Nimekosa. Naandika hapa ambapo hakuna anayesoma: nimemkosea mtu ambaye alikuja kwenye mvua kwa ajili ya trei yangu. Kiti kile hata magurudumu yake yana kelele. Ningekirudisha leo hii kama kungekuwa na mahali pa kukirudisha. Nimemkumbuka. Ofisini hakuna mtu hata mmoja anayeniita Pacha. Nilitegemea kumkosa kazini. Sikujua kwamba na jina ataondoka nalo.

Jumapili, 31 Machi

Leo mke wangu amenikalisha chini. Amesema siwezi kuendelea kuwa nyuma ya nguzo, watu wataniitia polisi. Amesema nyumba ya shemeji naijua, mlango wake naujua, mguu wangu mzima. Niende mikono mitupu, nibishe hodi, niseme samahani. Si barua, si zawadi, si cheo cha kubuni. Neno moja. Akifunga mlango, nirudi kesho niseme tena.

Nimesema ni kweli. Nimekubali kabisa. Macho yalinilowa na mama mkwe akaniuliza kama ni vumbi. Mke wangu ana akili kuliko ofisi nzima. Nitakwenda.

Lakini nimefikiria. Nikienda hivi hivi tu, mikono mitupu, nitaanzaje? Kwanza inabidi yeye mwenyewe apate hamu ya kuniona. Na Pacha namjua, udongo wa ajabu ukimfikia mkononi hawezi kulala. Atahangaika, atauliza, na mwisho atalazimika kuja maabara kuupima. Nitakuwa pale. Nitamfungulia mlango mimi mwenyewe. Tutaupima pamoja, tutacheka, ataniita Pacha, na hapo katikati ya kicheko ndipo nitakaposema samahani, kwa urahisi, kana kwamba neno limenitoka tu.

Kwa hiyo leo nimetengeneza udongo. Mwekundu wa kilimani, mweusi wa bondeni, majivu ya jikoni, na ganda la yai kwa ajili ya makombe ya lile ziwa. Nimeutia kwenye mfuko na kuandika jina la mkulima wa mbali ambaye hayupo. Kesho mama wa machungwa atampelekea. Nimemwelekeza la kusema, tumefanya na mazoezi.

Mke wangu amepita, akaona debe liko wazi. Alizima taa ya jikoni na kuniacha humo humo.

Hajaelewa tu. Safari hii nimejifunza. Chokaa nimeichekecha mara mbili, laini kama poda. Hata Pacha hawezi kuisikia kidoleni.